Vile Vifundo Havikuwa Ugonjwa

Zuwena mwanangu,

Nina hasira na wewe, na nimeona bora nilitangulize hilo kuliko kuanza na hujambo na habari za maandalizi nikawa mnafiki. Mama yako amenikataza kukugombeza siku yako ya mwisho nyumbani. Amesema nikifungua mdomo tu atanifungia mlango nikalale kwa jirani, na unamjua mama yako, hatanii. Basi nimeketi barazani na karatasi zilizobaki za dukani, naandika alasiri hii wakati wewe unazunguka kwa shangazi zako kuagwa. Isome leo kabla hujalala. Usiiweke mpaka kwenye treni, maana ukiisomea kwenye treni itakuwa haina kazi tena.

Mambo ya sanduku, ya kufunga fedha kwenye pindo la kanga, ya kutokula chakula cha mtu usiyemjua njiani, mama yako ameshakwambia hata majirani wameyashika. Sina la kuongeza. Swala sikukumbushi, maana ukiwa hujaijua mpaka leo barua haitasaidia.

Mimi nina neno moja, nalo ni la mkutano wa juzi.

Bwana shamba alisimama mbele yetu na lile bomba lake la chuma lenye sindano ndefu. Akasema mbegu mpya za karanga zimefika, kubwa na nyekundu, na kwamba mbegu hizi hazitaki kupandwa kwenye uchafu wa zamani. Udongo sharti usafishwe kwanza. Shamba lote la kijiji pale Kambini litachomwa sindano za dawa, tuta kwa tuta, kabla mvua hazijaanza. Watu wakauliza nani atalibeba bomba, na mzee mmoja akataka kujua kama dawa inadhuru mbuzi. Hakuna aliyeuliza kama inadhuru udongo. Kisha mwenyekiti akatafuta mtu wa kumalizia maneno, macho yake yakatua kwako.

"Tunaye msomi wetu hapa," alisema. "Karibu anatuacha, anakwenda chuo cha kilimo, na ni kijiji hiki kilichompendekeza. Zuwena mwanetu, hebu simama. Wewe unaonaje?"

Nilikuwa nimekaa nyuma, upande wa ukutani. Nikafurahi, nisikufiche. Nikasema moyoni, leo litasemwa. Ukasimama, ukajitengeneza kanga, ukatazama chini.

"Shikamooni wazee," ukasema. "Wataalamu wameshasema. Kazi yetu ni kutekeleza."

Wakakupigia makofi. Nikanyanyuka nikaenda zangu nyumbani bila kumuaga mtu, na tangu hapo unaniona nakupita uani na hujui nina nini. Au unajua.

Ungekuwa hujui, ningekaa kimya. Wengi hawajui na siwalaumu. Lakini katika kijiji hiki kizima, mwenye kujua kwamba dawa ile ni balaa kwa karanga ni wewe. Mimi ninajua kwa sababu wewe ulinifundisha. Na wewe ukasimama mbele ya watu wazima waliokutazama midomoni, ukawaambia watekeleze.

Sasa nisikilize, nikwambie na yangu, usije ukadhani nakurushia mawe nikiwa nimekaa peponi.

Unajua nilizaliwa Gongoni, Tabora mjini, nyuma ya duka la babu yako. Tuliuza chumvi, majembe, vitambaa, mafuta ya taa na kila kinachouzika. Katika duka lile nilifunzwa jambo moja nikalishika kuliko aya: kitu kilichofungwa kiwandani ni bora kuliko kitu cha wazi. Mteja akija na mbegu zake alizozihifadhi kwa majivu ndani ya kibuyu tulikuwa tunacheka. Kopo lenye picha na maandishi lilipandishwa rafu ya juu. Babu yako alikuwa akilipangusa kwa mkono wa kanzu yake kabla ya kumpa mtu. Na mimi nilikua hivyo, nikiamini kwamba akili yote ya dunia inakuja ndani ya kopo, na kwamba mkulima kazi yake ni kulinunua.

Nilipomuoa mama yako ndugu zangu walinuna, kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi wa shambani na sisi tulijiona ni Waarabu wa mjini, ingawa Uarabuni kwenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyepata kupaona. Biashara ilipokwenda kwenye maduka ya ushirika, sisi wenye maduka tukabaki tunahesabu vumbi. Wengine wakahamia Dar. Mimi nikasema nitahamia kijijini, nchi ni yetu sote, nitalima. Walionicheka mjini walicheka, na walionicheka kijijini walicheka zaidi. Jembe nililokuwa nimeuza maelfu sikujua linashikwaje.

Aliyenifundisha ni mama yako. Ulikuwa mdogo, pengine unakumbuka kidogo. Alinionyesha namna ya kupasua tuta la mwaka jana katikati, kulaza nyasi na mabua kwenye mfereji, kisha kuvutia udongo juu yake kutoka pande zote mbili, ili tuta la zamani liwe mfereji na mfereji uwe tuta. Nikamuuliza, kwa nini tunazika takataka, si tuzichome tu? Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Hizi si takataka," akasema. "Hiki ni chakula."

"Cha nani?"

"Cha waliomo."

Nikadhani anasema mizimu, nikaendelea kulaza nyasi kwa adabu. Hakuwa anasema mizimu. Alikuwa anasema vitu vinavyokula nyasi zile mpaka ukilifungua tuta mwaka unaofuata unakuta udongo mweusi unaonukia, hakuna unyasi. Hakuwa na jina lao, na mimi sikuona haja ya kuuliza zaidi. Kwangu udongo ulikuwa rafu tu, mahali pa kuwekea bidhaa.

Kisha tukaingia kwenye tumbaku. Bwana shamba huyuhuyu alikuja, akatupa mbegu, mbolea na makaratasi ya dawa, na ninakubali, mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Mwaka wa pili miche ikadumaa. Akang'oa mche mmoja akatuonyesha mizizi iliyovimba mafundofundo. Akasema hiyo ni minyoo midogo ya udongoni, haionekani kwa macho, inaingia kwenye mzizi na kuuvimbisha. Ndipo lile bomba likaja kwa mara ya kwanza. Unakumbuka harufu yake? Mama yako alikutoa nyumbani akakupeleka Mtendeni kwa shangazi yako mpaka harufu ilipoisha. Tumbaku ikapona. Na mimi, mtoto wa duka, nikaona nilichokuwa nakijua tangu utoto kimethibitika. Kopo limeshinda.

Sasa hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Msimu mmoja nikang'oa shina la karanga kwenye shamba letu hapa nyuma, nione kama zimekomaa. Nikaona mizizi ina vifundo. Vidogovidogo, vingi, mzizi mzima. Nikapiga kelele kama aliyeona nyoka. Mama yako akaja mbio, akaangalia, akasema karanga zina hivyo siku zote. Nikamwambia ndiyo maana mnavuna kidogo siku zote, mmekuwa mkilima ugonjwa tangu enzi za mababu zenu na hamjui. Nilimwambia hivyo mama yako, mwanangu, mbele ya majirani. Alichukua jembe lake akaenda.

Nikamwita bwana shamba. Alikuwa juu ya baiskeli, hakushuka. Nikamnyanyulia shina akaliangalia kutoka pale juu.

"Ni ileile," akasema. "Ya tumbaku. Tutakuja na bomba."

Yule kijana alisomeshwa tumbaku, akapewa baiskeli na bomba, akatumwa kutufundisha kila kinachoota. Mtu aliyefundishwa fundo moja maishani mwake, kila fundo kwake ni lile. Hilo linaniudhi, lakini linaniudhi zaidi kwamba nami nilikuwa na lile fundo moja, na nilifurahi kuambiwa niko sawa.

Tukalichoma sindano shamba letu lote. Likawa safi. Hata magugu yaliota kwa shida, nikawaita watu waje kuona. Tukapanda karanga, zikaota rangi ya manjano na kubaki hivyo, zimesimama tu zinatutazama. Tulivuna za kukaanga jioni chache. Na mwaka uliofuata mama yako alipopasua tuta akaniita. Ndani ya tuta nyasi tulizozika zilikuwa nyasi. Zimekauka, zimelala vilevile zilivyolazwa, unaweza kuzitoa ukaezekea banda la kuku. Mwaka mzima ardhini na hakuna aliyezigusa.

"Hawapo," mama yako akasema. "Umewaua."

Mpaka leo shamba lile halijarudi lilivyokuwa. Unapita pale kila siku kwenda kisimani, unaliona.

Ukaja likizo. Karanga za jirani zilikuwa bado shambani, ukaomba shina moja ukaniletea hapa barazani. Hukusema kwa kiburi, hilo nakupa haki yako. Ulipiga magoti, "Baba, tazama," ukakibandua kifundo kimoja kwa ukucha kikatoka bila shida. Ukanambia cha tumbaku hakitoki hivi, kwa sababu kile ni mzizi wenyewe uliovimba. Hiki kimekaa pembeni, kama mpangaji. Ukakipasua, ndani kilikuwa chekundu. Ukasema mle mna vijidudu visivyoonekana, vinachukua kitu kutoka hewani na kukigeuza chakula cha mmea, na mmea nao unavilisha sukari. Ndiyo sababu mahindi yakifuata karanga yanastawi bila mbolea. Ukasema udongo mzima umejaa walaji wa namna mbalimbali, wengine ndio wanaoozesha nyasi, na dawa ile haichagui. Inaua minyoo ya tumbaku na inaua na hawa.

Nilielewa. Nataka ujue kwamba nilielewa papo hapo, kila neno, na ndiyo maana nilikasirika. Nilikuuliza kama shule inakufundisha kuja kubishana na wazazi. Kisha nikasema lile neno ambalo tangu juzi linanikaba: "Haya yaishie hapa nyumbani. Usiende kuyasema nje, watasema binti wa Mwarabu anapinga mipango ya kijiji. Utakosa hata hiyo nafasi ya chuo."

Ukaitikia, "Ndiyo, baba." Na umelitunza neno langu vizuri kuliko mali yoyote niliyowahi kukupa.

Kwa hiyo hasira yangu ya juzi nilipoitafuta ilikotoka nilijikuta mwenyewe mlangoni. Haikupungua lakini. Imekuwa mbili. Nakukasirikia wewe kwa kunitii, na ninajikasirikia mimi kwa kukuzoesha. Namkasirikia mwenyekiti pia, aliyekuuliza unaonaje huku amekukumbusha kwanza nani aliyekupendekeza. Yule mzee si mbaya, lakini ameshasahau tofauti ya kuuliza watu na kuwapanga. Tulipohamia hapa tulikubaliana tutalima pamoja na kula pamoja. Sikumbuki kama tulikubaliana kunyamaza pamoja.

Na Kambini si kama shamba langu. La kwangu nililiua mwenyewe na tukala mahindi ya kununua. Kambini ni la wote. Unajua kwa nini udongo wa pale ni mweusi vile? Misafara ilikuwa ikilala pale kabla ya kuingia Tabora. Babu wa babu yako alipita pale na pembe za ndovu, na pembe hizo zilikuwa juu ya mabega ya ukoo wa mama yako. Walipika pale, punda walilala pale, majivu na maganda na mavi vilibaki pale miaka na miaka, na waliomo wakala, wakageuza vyote kuwa ardhi. Katika yote ambayo watu wangu waliwachukulia watu wa mama yako kwenye njia ile, kilichorudi ni ule udongo peke yake. Wewe una damu ya pande zote mbili. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuusemea, ni wewe.

Karanga za uji wa watoto wa kijiji hiki zinatoka pale. Mbegu za wajane zinatoka pale. Likichomwa sindano halitarudi kwa msimu mmoja wala miwili. Wewe utakuwa chuoni unasoma habari za udongo kwenye kitabu kizuri, na dada zako watakuwa wanapanda mbegu nyekundu kubwa kwenye kitu kisichokula tena.

Kesho asubuhi bomba linaanza kazi. Mimi nitakwenda Kambini mapema nikaseme. Nimeshamwambia mama yako, akanijibu kwamba nimechelewa misimu mitatu, lakini atakuja. Nitaeleza ya shamba langu. Nitachukua zile nyasi kutoka kwenye tuta langu niwaonyeshe, na najua watakachosema: nyasi kavu tu, Mwarabu wa duka analeta maonyesho. Shina la karanga la kuonyesha hakuna, msimu wenyewe haujaanza. Watauliza nimeyatoa wapi haya, na hapo nitakuwa nimefika mwisho wangu. Mimi ndiye yule yule niliyewaita waje kuona shamba safi. Nani atanisikiliza?

Wangekusikiliza wewe. Juzi walikupigia makofi kwa sentensi mbili zisizo na kitu ndani.

Sitalitaja jina lako. Nakuahidi. Jina lako lilipelekwa na mwenyekiti, na mwenyekiti anaweza kulirudisha, na mimi sitaki kuwa baba aliyekunyamazisha mwaka mmoja na kukukosesha chuo mwaka mwingine. Kama gharama hii italipwa, ailipe mwenye nayo kwa kutaka mwenyewe. Na nisikudanganye kwamba haitalipwa. Huenda wakakusikia, wakashukuru, ukaenda zako. Huenda ukarudishwa nyumbani na sanduku lako, na nafasi akapewa mtoto wa mtu anayejua kunyamaza. Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia.

Usifikiri pia kwamba nakupima mapenzi. Ukienda moja kwa moja utabaki mwanangu, nitakutumia karanga kama zitakuwepo, na utanijibu barua zangu, na hatutalizungumza. Lakini litakuwepo. Utakapopewa baiskeli na bomba lako mwenyewe, na mkulima mmoja mjinga kama mimi akakunyanyulia shina, utashuka au hutashuka? Hilo halifundishwi chuoni. Hilo mtu huenda nalo.

Lori litakuchukua nyumbani baada ya chai. Ili lifike barabara ya Tabora lazima lipite Kambini, na treni yako ni ya jioni, muda upo. Nitakuwa nimesimama kwenye tuta la kwanza, upande wa kulia, mbele ya bomba lao. Usinitafute kwa macho ukiwa umeshaamua kupita, itakuumiza bure. Ukiamua kushuka, gonga kichwa cha lori mara moja tu. Dereva anajua. Nilimwambia jana.

Salamu zangu ndizo hizi, sina nyingine.

Baba yako,
Salum